CentOS 8 ilivyotangulia kaburini, CentOS 7 ikabaki

Tarehe 30 Novemba 2020 CentOS 6, toleo la mfumo endeshi wa bure wa seva, iliacha kutunzwa. Hakuna aliyeshtuka, maana tarehe hiyo ilijulikana kwa miaka mingi. Wasimamizi wa seva walio makini walikuwa wameshahama, na baadhi yao hawakuona sababu ya kuhamia CentOS 7 iliyokwisha kula zaidi ya nusu ya umri wake. Walirukia CentOS 8, iliyotoka 24 Septemba 2019, ambayo mradi wenyewe ulisema ingetunzwa hadi Mei 2029. Kwa hesabu hiyo mtu angesimika seva, akaipa kazi, na suala la kuhama lisimsumbue tena kwa miaka minane na ushei.

Siku nane baadaye, 8 Desemba 2020, mradi huohuo ukatangaza kwamba CentOS 8 itakoma 31 Desemba 2021. CentOS 7 ya mwaka 2014 haikuguswa. Ingeendelea hadi 30 Juni 2024 kama ilivyopangwa.

Yaani mdogo azikwe kwanza. Aliyejituma akahama mapema alipewa mwaka mmoja na wiki tatu. Aliyekaa na toleo la zamani, kwa uvivu au kwa kukosa nafasi, alibakiwa na miaka mitatu na nusu. Sijui kisa kingine katika mifumo endeshi ya seva ambapo uzembe ulilipa waziwazi namna hii, na nadhani madhara yake bado yapo vichwani mwa watu. Ukimwambia msimamizi wa seva leo kwamba toleo lake limebakiza miezi sita, anakumbuka mwaka ule na kujibu kwamba tarehe hizi si za kuaminika. Ana haki ya kusema hivyo, lakini anakosea katika jambo moja kubwa, na jambo hilo ndilo ninalotaka kulifuatilia hapa.

CentOS ilikuwa nini hasa

Red Hat huuza mfumo uitwao Red Hat Enterprise Linux, kwa kifupi RHEL. Msimbo wake mwingi ni programu huria, kwa hiyo mteja halipii msimbo. Analipia masasisho, mtu wa kumpigia simu, na ahadi ya maandishi kwamba toleo moja litatunzwa kwa takriban miaka kumi. Kuanzia mwaka 2004 kundi la wajitoleaji lilikuwa likichukua msimbo huo, likiondoa nembo na jina la Red Hat, likiujenga upya na kuutoa bure kwa jina la CentOS. Kilichotoka kilikuwa RHEL kwa kila kitu isipokuwa jina na bili. Hata kasoro zake zilikuwa zilezile, na hilo lilihesabiwa kuwa sifa, kwani programu iliyojaribiwa kwenye RHEL ingefanya kazi kwenye CentOS bila kuguswa.

Ndiyo maana ilienea mno kwenye biashara ya hostingi, yaani kukodisha nafasi ya tovuti kwenye seva. cPanel, programu ambayo kampuni nyingi za hostingi duniani, na za Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, huitumia kugawa seva moja kwa mamia ya tovuti, ilijengwa juu ya familia hii ya Linux. Mwenye duka la mtandaoni aliyelipia hostingi hakuwahi kuisikia CentOS, ila tovuti yake ilikaa humo.

Mnamo Januari 2014 Red Hat iliuchukua mradi huu chini ya mbawa zake: ikaajiri baadhi ya watu wake wakuu na kuwa mwenye jina. Watumiaji wengi walifurahi, kwa sababu kabla ya hapo masasisho yalikuwa yakichelewa, wakati mwingine kwa miezi, wajitoleaji wakiwa wachache na wamechoka. Julai 2019 IBM ikakamilisha ununuzi wa Red Hat kwa dola bilioni 34. Kufikia Desemba 2020, wengi walimnyooshea IBM kidole. Mimi naona inatosha kusoma hesabu. Kampuni ilikuwa inalipa mishahara ya watu wanaotengeneza nakala ya bure ya bidhaa yake yenyewe. Mkono mtupu haulambwi.

Badala ya CentOS 8 watu waliambiwa watumie CentOS Stream. Tofauti yake ni ya mpangilio wa foleni. CentOS ya zamani ilikuja baada ya RHEL: kitu kinapimwa, kinatolewa kwa wateja, kisha kinajengwa upya kwa ajili ya wengine. Stream inakaa mbele ya RHEL. Mabadiliko yanapita hapo kabla ya kuingia kwenye toleo dogo linalofuata. Si mfumo mbaya, na wapo wanaouendesha kwenye mashine nyingi sana bila tatizo. Lakini anayetaka seva isiyobadilika kwa miaka kumi hataki kukaa mbele ya foleni. Isitoshe, Stream 8 yenyewe ilikoma 31 Mei 2024, mwezi mmoja kabla ya CentOS 7.

Walioumia zaidi ni waliopanga kwa uangalifu. Mfano wa wazi ni CERN, maabara ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na wenzao wa Fermilab wa Marekani. Kwa miaka mingi walikuwa na nakala yao wenyewe ya RHEL, Scientific Linux. Mwaka 2019 walitangaza kwamba hawatatengeneza toleo la 8 la Scientific Linux, kwa kuwa CentOS 8 ingetosha. Uamuzi wa busara kabisa: kwa nini watu wawili wafanye kazi moja? Mwaka uliofuata ardhi ikaondoka chini ya miguu yao, na ilichukua hadi Desemba 2022 kwa CERN na Fermilab kutoa pendekezo la pamoja kwamba majaribio yao yatumie AlmaLinux.

AlmaLinux na mwenzake Rocky Linux ni watoto wa tangazo lile. Gregory Kurtzer, mmoja wa walioanzisha CentOS, alitangaza ndani ya saa chache kwamba ataanza upya. Akauita mradi Rocky kwa kumbukumbu ya Rocky McGaugh, mwanzilishi mwenzake aliyefariki. Kampuni ya CloudLinux, yenye wateja wengi wa hostingi, ikaanzisha AlmaLinux. Toleo la kwanza imara la Alma lilitoka 30 Machi 2021, la Rocky 21 Juni 2021. Yote mawili yalikuja na hati fupi ya kugeuza CentOS 8 kuwa mfumo wao bila kusimika upya. Red Hat nayo, Januari 2021, ilitangaza kwamba mtu binafsi ataweza kuendesha RHEL bure hadi kwenye mashine 16, hata za kazi halisi. Kwa hiyo kufikia katikati ya 2021 mtu wa CentOS 8 alikuwa na mlango wa kutokea, tena mpana. Kazi yenyewe kwenye seva moja ya kawaida ilikuwa ya jioni moja, ukijumlisha kuchukua nakala rudufu.

Hata hivyo wengi hawakutoka.

Ukimya unaofanana na uzima

Mwisho wa Januari 2022 hazina za vifurushi za CentOS 8, mahali seva zinapopakua programu na masasisho, ziliondolewa kwenye seva za kawaida na kuhamishiwa kwenye kumbukumbu, vault.centos.org. Kuanzia hapo kila aliyejaribu kusasisha au kusimika kifurushi alipata hitilafu: mfumo hauwezi kupakua orodha ya vifurushi. Kontena, yaani vifurushi vya programu pamoja na mfumo wake, zilizojengwa kila usiku juu ya CentOS 8 zikakwama. Watu wakahangaika, na ndani ya muda mfupi dawa ikaenea. Ni mstari mmoja wa amri ya sed unaobadilisha anwani kwenye faili za hazina, kutoka orodha ya seva za kawaida kwenda kwenye kumbukumbu. Unauendesha, hitilafu inapotea, vifurushi vinashuka, kazi inaendelea.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kuwa cha usalama, na ndipo ninapodhani wengi walijidhuru kwa mkono wao. Ile hitilafu ilikuwa taarifa pekee ambayo mfumo uliokufa ungeweza kumpa mwenyewe. Baada ya sed, amri ya kusasisha hurudisha jibu kwamba hakuna cha kusasisha. Jibu hilo ni lilelile, neno kwa neno, ambalo seva yenye afya iliyosasishwa asubuhi hiyo ingelitoa. Kumbukumbu ile haipokei marekebisho mapya. Inahifadhi vifurushi kama vilivyokuwa siku ya mwisho. Msimamizi anayetazama skrini hana njia ya kutofautisha hali hizo mbili, na ripoti za kiotomatiki zinazotumwa kwa bosi kila mwezi zinakuwa za kijani zaidi kuliko zilivyopata kuwa. La kuvunda halina ubani, lakini ubani huu ulifukizwa kwenye seva nyingi.

Wakati huohuo kazi ya kutafuta mianya haikusimama. Tarehe 15 Machi 2022 ilitangazwa kasoro ya OpenSSL (programu ya kusimba mawasiliano), yenye namba ya utambulisho CVE-2022-0778, iliyogunduliwa na Tavis Ormandy wa Google: cheti kilichotengenezwa kwa hila kinaweza kuifanya programu inayokisoma izunguke bila mwisho hadi huduma isimame. RHEL 8 ilirekebishwa. CentOS 7, mzee aliyebaki, ilirekebishwa pia. CentOS 8, iliyokuwa na OpenSSL ileile ya RHEL 8, haikupata kitu. Januari 2023 ikaja CVE-2023-22809 kwenye sudo (amri inayompa mtumiaji mamlaka ya msimamizi mkuu), iliyomwezesha mtumiaji aliyeruhusiwa kuhariri faili moja tu kwa sudoedit ahariri faili nyingine yoyote, pamoja na zile za msimamizi mkuu wa mfumo. Ikawa vilevile: 8 ya kulipia ikarekebishwa, 7 ya bure ikarekebishwa, 8 ya bure ikaachwa wazi.

Kuna jambo hapa ambalo watu hulipita haraka. Mfumo wa kipekee ukiachwa na mtengenezaji wake, mvamizi analazimika kuuchunguza mwenyewe. CentOS 8 haikuwa hivyo. Ni pacha wa RHEL 8, na RHEL 8 inaendelea kutunzwa hadi Mei 2029. Kila Red Hat inapotoa rekebisho, inatangaza kilichokuwa na kasoro, katika kifurushi kipi, kwa uzito gani. Mwenye nia mbaya analinganisha msimbo wa kabla na wa baada, anaona mstari uliobadilika, na anajua kwa hakika kwamba mstari wa zamani bado uko kwenye kila CentOS 8 iliyobaki hewani. Taarifa za usalama za mfumo ulio hai zimekuwa ramani ya mfumo uliokufa. Na ramani hiyo inaongezwa kurasa kwa miaka saba na zaidi baada ya kifo, bure, na watu wenye utaalamu kuliko wavamizi wengi.

Ndiyo maana nasema yule anayejibu kwamba tarehe hazina maana anakosea. Tarehe ya 2029 ilivunjwa, kweli. Lakini tarehe inapovunjwa kuja mbele, hatari nayo imekuja mbele pamoja nayo, na hasira yetu dhidi ya Red Hat haijaziba tundu hata moja la OpenSSL.

Mzee naye

CentOS 7 ilikuwa na mazishi ya heshima zaidi kwa maana ya taarifa: tarehe ilijulikana kwa miaka, haikusogezwa. Ni seva zenyewe zilizokuwa na matatizo ya uzee, na matatizo hayo yalianza kuonekana kabla ya Juni 2024.

Vipande vyake vya msingi vilikuwa vya zamani mno. Kerneli, kiini cha mfumo, 3.10. Maktaba ya C, glibc, toleo 2.17 la mwaka 2012. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, 7.4. OpenSSL 1.0.2k. PHP iliyokuja nayo ilikuwa 5.4, ambayo hakuna WordPress ya kisasa inayoikubali, na kila mtu alikuwa ameshaweka PHP kutoka hazina za nje. Mwanzoni mwa 2024 kihariri cha VS Code, katika toleo 1.86, kiliacha kuunganika kwa mbali na seva zenye glibc ya chini ya 2.28. Asubuhi moja waandishi wa programu duniani kote wakajikuta hawawezi kuingia kwenye mashine zao za CentOS 7. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft ilirudi nyuma na kutoa mwaka mmoja wa nyongeza. Nakumbuka nilivyoona watu wakiilaumu Microsoft kwa haraka yake. Glibc hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi na moja.

Namba hizo za zamani hazikumaanisha kwamba CentOS 7 ilikuwa wazi. Hili ni la kueleza vizuri, kwa sababu ndilo lililokuja kuwapoteza watu. Kwa kawaida Red Hat haibadilishi toleo la programu katikati ya maisha ya mfumo. Huchukua rekebisho lililotengenezwa kwa toleo jipya na kulipandikiza kwenye lile la zamani. OpenSSH ya CentOS 7 ilisoma 7.4 kuanzia mwaka 2017 hadi mwisho, lakini ndani yake zilikuwamo dawa za magonjwa yaliyogunduliwa miaka mingi baada ya 7.4. Kilichobadilika ni namba ndogo ya mwishoni mwa jina la kifurushi, ambayo vitambazaji vingi vya usalama haviisomi. Kwa hiyo kila mkaguzi aliyepiga kitambazaji chake alitoa orodha ndefu ya hatari, na msimamizi alijibu kwa sentensi moja: zimeshapandikizwa, hizi ni kengele za uongo. Kwa miaka kumi sentensi hiyo ilikuwa ya kweli mara nyingi kuliko isivyokuwa. Wakaguzi wakaizoea. Majedwali ya hatari yakawa na safu nzima iliyojazwa kwa kunakili.

Tarehe 1 Julai 2024 sentensi hiyo ilianza kuoza. Kwa kila kasoro iliyogunduliwa kabla ya hapo bado ilikuwa kweli. Kwa kila mpya ilikuwa uongo. Na hakuna kitu kwenye skrini kilichobadilika. Namba ileile, 7.4, jibu lilelile.

Siku hiyohiyo ya kwanza ilitokea sadfa ambayo mtunzi wa hadithi angeonekana amezidisha chumvi. Kampuni ya Qualys ilitangaza regreSSHion, CVE-2024-6387, kasoro ya OpenSSH inayoweza kumpa mtu wa mbali mamlaka yote ya seva bila nywila. Walikadiria zaidi ya seva milioni 14 zilizokuwa wazi kwenye intaneti zingeweza kuathirika. Dunia nzima ya wasimamizi ikakesha. Ila kasoro hiyo iliingia kwenye msimbo mwaka 2020, kuanzia toleo 8.5. Walioathirika ni waliohamia kwenye mifumo mipya, RHEL 9 na ndugu zake, ambao walipata rekebisho ndani ya siku chache. CentOS 7 iliyozikwa jana yake, na OpenSSH yake ya 7.4, haikuguswa.

Unaweza kufikiria mazungumzo yaliyofuata ofisini. Nilishasema mfumo wa zamani ni imara. Tungehama tungekuwa matatizoni. Mtu akisema hivyo mbele ya mkurugenzi wa fedha, bajeti ya kuhama inasogezwa mwaka ujao, na huwezi kumlaumu mkurugenzi kwa kuamini kitu alichokiona kwa macho yake.

Siku nane baadaye, 9 Julai, ilitangazwa Blast-RADIUS, CVE-2024-3596. Hii haikuwa na kelele kama ya kwanza, ila kwa watoa huduma za intaneti ilikuwa na uzito. RADIUS ni itifaki ambayo kifaa cha mtandao hutumia kuiuliza seva: huyu mteja aingie au asiingie? Vihotspoti vya mitaani na viunganishi vya PPPoE (njia ya kumuunganisha mteja kwa jina na nywila) vya watoa huduma wadogo hukaa juu yake, na seva inayojibu mara nyingi ni FreeRADIUS. Watafiti walionyesha kwamba mtu aliyekaa katikati ya kifaa na seva anaweza kugeuza jibu la hapana kuwa ndiyo, kwa kutumia udhaifu wa MD5, njia ya zamani ya kuhakiki kwamba data haijabadilishwa. FreeRADIUS ilitoa matoleo mapya yenye kinga. Ile iliyofungashwa na CentOS 7, 3.0.13, ilibaki ilivyo. Aliyetaka kinga alilazimika kujenga mwenyewe au kuchukua vifurushi vya mradi wa FreeRADIUS moja kwa moja, na wakati huo anakuwa ameanza kuutunza mfumo endeshi kwa mikono yake bila kujua kwamba ndiyo kazi aliyojipa.

Halafu 30 Juni 2025, mwaka mmoja kamili, zikatangazwa kasoro mbili za sudo kwa mpigo. Ile kali zaidi, CVE-2025-32463, iligusa matoleo ya sudo ya 1.9.14 hadi 1.9.17. Sudo ya CentOS 7 ni 1.8.23, ikapona tena. Ile nyingine, CVE-2025-32462, ilikuwa imelala kwenye msimbo kwa takriban miaka 12, kuanzia 1.8.8. Hiyo ilimgusa mzee. Si ya kutisha kila mahali: inahitaji faili ya sudoers, inayosema nani aruhusiwe kutumia sudo, yenye kanuni zinazotaja jina la seva mahususi. Lakini kampuni zenye seva nyingi huandika faili moja na kuisambaza kote, na humo ndimo kanuni za namna hiyo zinapopatikana.

Ukiziweka kasoro hizi pamoja unaona tabia ya hatari yenyewe. Haiji kama mafuriko tarehe ya mwisho ikipita. Wakati mwingine mfumo wa zamani unapona kwa sababu ni wa zamani. Wakati mwingine hauponi. Kilichopotea ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kila tangazo, kujua kama linaigusa CentOS 7, na kutoa kifurushi au kusema wazi kwamba haiguswi. Uchambuzi uliotangulia ni kazi ambayo Red Hat iliifanya kwa niaba ya watumiaji wa bure kwa miaka kumi, kwa maelfu ya kasoro. Sasa ni ya msimamizi, naye ana seva arobaini, printa za ghorofa ya pili, na simu ya mkurugenzi ambayo haipokei barua pepe.

Njia walizochukua

Kulipia inawezekana. Red Hat huuza matunzo ya nyongeza kwa RHEL 7 kwa miaka kadhaa baada ya Juni 2024, na kampuni kama TuxCare na SUSE huuza masasisho kwa wenye CentOS 7 wasiotaka kuhama. Ni fedha za kununua muda. Naziona zina maana pale tu tarehe ya kuhama imeandikwa na mtu mwenye jina amekabidhiwa. Vinginevyo unalipa kodi ya nyumba unayojua itabomolewa.

Kuhama papo hapo, bila kusimika upya, ni njia iliyowavutia wenye cPanel. Kutoka 7 kwenda 8 hakukuwahi kuwa rahisi kwa familia hii. AlmaLinux walitengeneza ELevate, wakitumia msingi wa zana ya Leapp ya Red Hat, na cPanel wakatoa zana yao juu ya hiyo. Hufanya kazi vizuri kwenye seva iliyo safi. Kwenye seva iliyokaa miaka minane, yenye hazina tano za nje, moduli ya kerneli aliyoiweka mtu aliyeshaacha kazi na PHP za matoleo manne, unahitaji nakala rudufu iliyojaribiwa na usiku mrefu. Mimi ningejenga seva mpya pembeni, nikahamisha huduma moja moja, na kuizima ya zamani. Ni polepole zaidi, lakini kila hatua ina njia ya kurudi. Na kama unaanza upya, nenda 9 au zaidi. Aliyehamia Rocky 8 mwaka 2024 amejipatia hadi Mei 2029 tu.

Wengine waliondoka kwenye familia hii kabisa, wakaenda Debian au Ubuntu. Hasira ya 2020 ilichangia, na ilipofika Juni 2023, Red Hat ilipofunga hazina ya wazi ya msimbo wa RHEL na kubakiza Stream tu, wakapata sababu ya pili. Alma ilibadili njia yake ya kazi kwa sababu hiyo. Rocky ikatafuta msimbo kupitia milango mingine iliyo halali. Kufikia sasa wote wawili wanatoa masasisho kwa wakati. Ila anayewategemea ajue kwamba riziki yao inapitia mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Inabaki seva isiyohamika. Zipo: mashine ya maabara ambayo programu yake iliuzwa mara moja na kampuni iliyofungwa, mfumo wa mahesabu ambao muuzaji anaapa hautafanya kazi nje ya CentOS 7. Kwa hizo ondoa intaneti kwanza, pande zote mbili, kuingia na kutoka. Ruhusu kwenye fayawoli anwani zile tu zinazoihitaji. Usiruhusu SSH ila kupitia mashine moja ya katikati inayotunzwa. Kama ina ukurasa wa tovuti ambao wafanyakazi wanautumia, weka mbele yake seva mpya inayopokea maombi na kuyapitisha, ili TLS, usimbaji wa mawasiliano ya tovuti, ishughulikiwe na OpenSSL ya leo na si ya 1.0.2k. Punguza vifurushi: kisichotumika kitolewe, kwa sababu kasoro ya CUPS, programu ya kuendesha printa, haiwezi kuingia kwenye seva isiyo na CUPS. Faili za hazina zilizoelekezwa kwenye kumbukumbu kwa sed zizimwe ukimaliza kusimika ulichohitaji, ili amri ya kusasisha irudi kulalamika kama inavyopaswa.

Na huyo muuzaji anayeapa aulizwe kwa barua, mkataba unapokuja kuhuishwa: tangu 30 Juni 2024, mfumo endeshi ambao programu yako inautaka unatunzwa na nani? Wengi wao, wakiona swali hilo limeandikwa na nakala imekwenda kwa mwanasheria, huwa wanagundua kwamba programu yao inafanya kazi kwenye toleo la 9 pia.